Uso Ulioachwa Bila Macho

"Zimebaki elfu thelathini, mama. Tulikubaliana elfu sitini, nusu binti kanipa kabla sijashika mashine."

"Hizo zilizobaki kamdai aliyekutuma kuchora watoto wa watu kama ukuta wa choo!"

"Mtoto gani? Huyu ana miaka ishirini na mbili."

"Kwangu ni mtoto hata akiota mvi. Kidoti, inuka hapo!"

Mchoraji, ambaye mtaa mzima ulimwita Kalamu, hakuinuka wala hakupandisha sauti. Mashine ya tatoo ilikuwa bado inanguruma mkononi mwake, sauti nyembamba kama ya nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la fundi simu: kiti kuukuu cha kinyozi, taa ya shingo ndefu, beseni, harufu ya spiriti. Kwenye kiti alikaa Kidoti, mkono wa kushoto ameulaza juu ya mto, na kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko ulikuwepo uso wa marehemu baba yake. Paji pana. Pua iliyopinda kidogo. Masharubu, na chini yake midomo ambayo ungedhani inataka kusema. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa macho. Mahali pa macho palikuwa na ngozi tupu, viduara viwili vimevimba.

"Macho nayaweka mwisho," alisema Kalamu. "Nikianza nayo yananitazama, mkono unatetemeka. Nipe nusu saa nimalize. Hela tutazungumza hata kesho. Lakini usimtoe hivi, mama. Uso usio na macho si kitu cha kutembea nacho."

"Kwa nini, utajikwaa?"

Kidoti alicheka bila kupenda, kisha machozi yakamtoka. "Mama, nakuomba. Watu wanatuangalia."

Kweli walikuwa wanaangalia. Fundi simu na wateja wake walikuwa wamejazana mlangoni, shingo juu. Hilo ndilo lililomchoma Mama Kidoti kuliko tatoo yenyewe. Alivua mtandio wake, akauzungusha kwenye mkono wa binti kama mtu anayefunika kidonda, akamvuta nje.

Sasa ujue huyo mama alikuwa nani. Alikuwa fundi cherehani, na sifa yake ilikuwa moja: kwake kazi haitoki nusu. Aliwahi kumrudisha ndani bibi harusi, gari linapiga honi nje, kwa sababu ya kifungo kimoja cha mgongoni ambacho hakuna ambaye angekiona. Leo mwanamke huyohuyo amemtoa mwanawe kwenye kiti cha fundi mwenzake, kazi ikiwa nusu na deni juu. Alijua. Njia nzima hakuinua uso.

Jioni ndugu wakaja dukani kwake, maana habari za aibu zina miguu. Shangazi yake Kidoti, muuguzi, alikaa kwenye kiti cha wateja. Mjomba, fundi bomba, alikaa juu ya furushi la vitambaa na viatu vyake vya tope, akafukuzwa, akakaa sakafuni.

"Mwili ni wake," mjomba alianza. "Mimi mwenyewe ninayo begani, na bado nakula na kulala kama watu."

"Wewe nyamaza," dada yake akamjibu. "Ulichora jina la yule mwanamke, akakuacha, ukalifanya samaki. Hadi leo samaki wako anasomeka!"

"Lakini ni samaki mzuri."

Hata shangazi alicheka. Halafu akafuta uso. "Wifi, mimi mchoro haunisumbui, sindano ndiyo inanisumbua. Nimeona mikono iliyooza kwa uchafu wa watu hao. Huyu Kalamu nimesikia anachemsha vifaa vyake, basi. Kinachoniuma mimi ni kingine. Picha ya kaka yangu ilikuwa hapo ukutani. Iko wapi?"

"Kwenye droo. Ilikuwa inavuta vumbi."

"Vumbi," alisema shangazi, akamtazama.

Kidoti alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mkono umefungwa kitambaa. Alisema taratibu, "Baba alipokufa nilikuwa mbali. Hakuna aliyeniambia kwamba amezidiwa. Nimekuja nikakuta kitanda kimeshatandikwa. Nikasema nimweke mahali ambapo hakuna mtu atakayemtia kwenye droo."

Mama Kidoti alichukua tepu, akaikunja, akaikunjua. "Na wateja wangu watasemaje?"

"Wateja wako wanakuja kupimwa viuno," alisema mjomba. "Mkono wa Kidoti wanautakia nini?"

Usiku huohuo Mama Kidoti alishona blauzi ya mikono mirefu yenye vifungo kwenye kifundo. Asubuhi akamrushia binti. "Ukiwa hapa dukani, mkono huo nisiuone."

Kilichofuata kilianza kwa jambo dogo sana: vifungo.

Mama mmoja mwalimu mkuu alirudi na gauni lake la hafla, amelikunja kwenye mfuko. Alilitandaza mezani. Vifungo viwili vya kifuani havikuwepo. Uzi ulikatwa safi. Gauni lilikuwa limefunguka mbele ya wazazi wa wanafunzi, yeye akiwa amesimama anahutubia. Mama Kidoti aliomba radhi hadi sauti ikakauka. Alijua kwamba vifungo hivyo alivishona mwenyewe na kuvivuta kwa meno. Wiki hiyohiyo likaja koti la kijana wa benki, limekosa viwili. Kisha sare ya mtoto, imekosa viwili. Havikupungua kimoja wala vitatu. Viwili, daima viwili.

"Ni wewe unavikata?" alimuuliza Kidoti.

"Mama, mimi nivikate ili iweje?"

Halafu ikaja harufu. Chumba cha nyuma, ambako binti alilala katikati ya marobota ya vitambaa, ndicho alichougulia baba yake, na kilikuwa kimepigwa deki na kupakwa rangi mpya. Lakini ilipofika saa ya jua kali, harufu ya dawa ya kuchua, ile yenye kafuri, ilitoka chini ya mlango, ikapita katikati ya miguu ya wateja. Na nyuma ya harufu, kikohozi. Kikavu. Mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

Mchana mmoja Mama Kidoti aliusukuma mlango ule. Kidoti alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono wa kushoto umening'inia nje ya kitanda. Kifungo cha blauzi kilikuwa kimefunguliwa na mkono wa nguo umepandishwa hadi kwenye kiwiko. Uso wa mumewe ulikuwa umegeukia mlangoni, na mahali pa macho palikuwa na vifungo viwili vya shaba, vile vya koti la yule kijana wa benki, vimekandamizwa ndani ya ngozi. Alipiga magoti akavishika. Vilikataa. Alivivuta, vikatoka kwa sauti ya mguu unaochomoka topeni, na chini yake ngozi ilikuwa imelowa.

Chini ya mto alivikuta vingine, vyeupe, vya kahawia, vya sare, vimepangwa viwiliviwili. Kuna mtu alikuwa anajaribu macho, kama watu wanavyojaribu miwani.

Alivikusanya kwenye mfuko, akaufunga, akarudi kwenye cherehani na kumalizia pindo la sketi. Hakumwambia mtu. Angemwambiaje mtu? Angeanzia wapi?

Siku iliyofuata alifungua droo atoe chaki. Ile picha ya ukutani, ya ndoa yao, ilikuwa juu, kioo kimeondolewa. Yeye mwenyewe, kijana, anacheka. Pembeni yake mumewe, na macho ya mumewe yalikuwa yamekatwa kwa mkasi mdogo, kwa ustadi, bila kugusa nyusi. Alikimbilia chumba cha nyuma. Kidoti alikuwa amekaa kitandani, amekodolea mkono wake, analia bila sauti. Vipande viwili vidogo vya karatasi vilikuwa vimegandishwa kwa mate pale kwenye uso.

"Mama, sikumbuki kufanya hivi," alinong'ona. "Nikilala, mkono unaamka. Nausikia unapapasa. Mama, nitoe huu mkono."

"Nyamaza. Watakusikia huko dukani."

Ndivyo alivyomjibu mtoto wake. Nyamaza, watakusikia.

Mvua kubwa ilinyesha mchana wa siku ya tatu, bati likipiga kelele, wateja hakuna. Mama Kidoti alilaza kichwa juu ya meza ya cherehani apumzike kidogo. Alipozinduka cherehani lilikuwa linashona. Miguu yake ilikuwa imekunjwa chini ya kiti na haikugusa kanyagio, lakini kanyagio lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, sindano ikitoboa meza tupu kwa kasi ileile aliyoikumbuka na kujizuia kuikumbuka. Harufu ya kafuri ilikuwa nzito hata machozi yakamtoka, na alipoinua kichwa akamwona Kidoti amesimama mbele yake, macho yake yamefumbwa kama ya mtu aliye katikati ya usingizi, mkono wa kulia umeshika kiwembe cha kufumulia nguo, mkono wa kushoto umenyooshwa mbele kama taa, na katika mkono huo uso ulikuwa umejaa, mashavu yamepanda, masharubu yamelowa, midomo ile iliyochorwa ikifunguka na kufungika, ikifunguka na kufungika, mpaka sauti ikatoka, sauti ya mtu ambaye koo lake limekauka.

"Ya vifungo hayaoni. Ya karatasi hayaoni. Lete yako."

Kiwembe kikaja. Alipiga kelele, safari hii bila kujali nani anasikia, na kiti kikaanguka, na mjomba, aliyekuwa amekuja kuzibua mfereji uliofurika nje, aliingia na spana mkononi akamkumbatia Kidoti kwa nyuma mpaka kiwembe kikadondoka. Mama Kidoti alikuwa na mkwaruzo chini ya jicho la kulia. Mjomba aliutazama, akautazama ule mkono, akakaa chini.

"Samaki wangu hajawahi kunifanyia hivi," alisema, na hakuna aliyecheka.

Walimwendea mganga. Alikuwa mwanamke mwembamba anayeuza mkaa, vidole vyeusi, mwenye haraka, asiyependa maneno mengi. Aliushika mkono wa Kidoti, akaunusa, akaugonga kwa ukucha kama mtu anayepima kama chungu kina ufa.

"Nani aliukatiza huu uso?"

"Mimi," alisema Mama Kidoti.

"Umejenga nyumba ukaacha madirisha wazi, ukashangaa mwizi kaingia. Hawa majini wanapenda kitu kilichoanzwa kikaachwa. Huyu kamaliziwa kila kitu ila macho, basi anayatafuta. Atachukua yoyote." Akamgeukia Kidoti. "Usiogope, mwanangu. Hujakosa. Kuchora si kosa na kutokuchora si sifa. Nimeona majini kwa watu wasio na hata alama ya ndui. Mrudi kwa aliyechora, amalize. Nitakuwepo."

Kisha akamtazama mama mtu muda mrefu.

"Sikiliza vizuri. Jini huiba sura. Huiba sauti. Siri haibi, anajua kilicho juu ya ngozi tu. Ndiyo maana nauliza: mnadaiwa nini?"

"Elfu thelathini za mchoraji."

"Hizo za mchoraji. Na huyu marehemu?"

Hapa ndipo angesema. Angesema kuhusu siku ile ya kumpima mama yake bibi harusi, mteja mkubwa, kitambaa cha bei, na mumewe chumba cha nyuma anaita. Maji. Mama Kidoti, maji. Harufu ya kafuri ilikuwa inatoka chini ya mlango na mteja alikuwa ameshaanza kukunja pua. "Nani huyo anaita?" mteja aliuliza. Naye, mdomoni pini, akajibu, "Mgonjwa wa jirani. Kuta zetu nyembamba." Akakaa kwenye cherehani, akakanyaga. Mgonjwa alipoita tena, alikanyaga kwa kasi zaidi. Alishona mshono usiohitajika kwenye kitambaa cha bei, mbele na nyuma, mpaka mlango ukawa kimya. Mteja alipoondoka alijaza kikombe, akaenda nacho. Mumewe alikuwa amegeukia mlangoni, macho wazi. Aliyafumba mwenyewe kwa vidole, kabla ndugu hawajafika. Maji aliyamwaga.

Ndiyo sababu hakutaka Kalamu amalize. Tatoo ni tatoo, angezoea. Lakini macho yale, yafunguliwe tena, tena juu ya mkono wa binti yake, yamtazame kila siku akiwa anashona? Ilikuwa rahisi zaidi kupigia kelele wateja watasemaje.

Kidoti alikuwa anamtazama. Mjomba alikuwa anamtazama.

"Hatudaiwi kitu na marehemu," alisema.

"Haya," alisema mganga, akafunga mlango wa banda lake.

Kalamu aliwafungulia mlango. Mama Kidoti alitoa noti za elfu thelathini, akaziweka kwenye beseni safi, akasema mbele ya fundi simu na kila aliyekuwepo, "Nilikukosea, fundi." Kalamu akaitikia kwa kichwa, akazivuta glavu.

"Lakini wewe mwenyewe," mjomba alimuuliza, kwa sababu hawezi kunyamaza, "mbona huna hata moja?"

"Sijapata wa kumwamini."

Akawasha mashine. Mganga aliweka kijungu cha moshi chini ya kiti akaanza kusoma maneno yake chini chini, na sindano ilipogusa kiduara cha kwanza midomo ya ule uso ikabinuka, mashine ikazimika, ikawaka, taa ya shingo ndefu ikainama yenyewe kama mtu anayetaka kuona vizuri, na Kidoti akang'ata mtandio wa mama yake huku ngozi ya mkono ikipanda na kushuka kama kuna panya chini yake, na Kalamu, jasho likimtiririka puani, hakuinua mkono hata mara moja, akaweka mboni, akaweka kope, akahamia jicho la pili, na alipoweka nukta ya mwisho kitu kilitoka. Kilipita usoni mwao kama pumzi ya tanuri, kikavunja taa, kikagonga dirisha, mbwa wa mtaa mzima wakalia. Kisha ikabaki harufu ya spiriti tu.

Mganga alizima kijungu. "Mwizi katoka. Nyumba imefungwa."

Na kweli, vifungo havikupotea tena. Kidoti alilala usingizi wa watu. Picha ilirudi ukutani, shangazi kaitengenezesha upya. Mama Kidoti mwenyewe ndiye aliyeikata mikono ile blauzi, akaifanya fupi, na wateja walipouliza, alisema, "Ni baba yake." Wengine waliguna. Mmoja aliomba namba ya Kalamu. Macho ya tatoo yalikuwa mazuri, ya upole, na Mama Kidoti aligundua kwamba akikaa upande wa dirishani hayamfikii. Basi akahamishia cherehani dirishani.

Kisha akaja yule mteja mkubwa. Binti yake, yule bibi harusi, alikuwa amejifungua, kuna sherehe, anataka gauni. Alisimama katikati ya chumba, mikono amepanua. Mama Kidoti alikuwa amepiga magoti kwenye pindo, pini mdomoni. Kidoti alikuwa kwenye kiti chake, macho wazi kabisa, hajasinzia, anashona kifungo na kuimba wimbo kwa midomo iliyofungwa.

Kikohozi kikasikika. Kikavu. Mara mbili.

Kidoti akaacha kuimba. Alishusha sindano, akautazama mkono wake, kisha akamtazama mama yake. Macho yote manne yalikuwa upande mmoja.

"Nani huyo anakohoa?" aliuliza mteja.

Mama Kidoti aliinuka. Hakujua ameinuka saa ngapi, wala amekaa kwenye cherehani saa ngapi. Alihisi tu kanyagio chini ya mguu wake, na mguu unaanza. Pini zilikuwa bado mdomoni. Alifungua midomo kidogo kando, kama alivyozoea.

"Mgonjwa," alisema. "Wa jirani."

"Hapana," ilisema ile sauti kutoka mkononi mwa binti, bila hasira, na cherehani likakwama. "Mama Kidoti. Nipe maji yangu."